Wikendi ya Watamu: mwili wa mlimani unapoteremka baharini

Wakazi wengi wa Meru na Embu huishi miaka mingi bila kuiona bahari, na anayeiona mara moja hutamani kurudi. Baridi ya Julai inapotanda na ukungu ukalala juu ya majani chai, au sikukuu ya Jumatatu inapoungana na mwisho wa juma, jamaa na marafiki huchangishana nauli na kuteremka Pwani. Walio wengi huishia Mombasa. Wanaotaka utulivu huupita mji huo, wakavuka daraja la Kilifi na kufululiza hadi Watamu, mji mdogo wa wavuvi na watalii katika Kaunti ya Kilifi, kilomita 20 na ushei kusini mwa Malindi.

Safari kama hiyo ni dawa. Mtu aliyechoshwa na kazi za ofisi hupata usingizi, hutembea kuliko anavyotembea nyumbani, na hukaa na watoto wake mchana kutwa. Hata hivyo ziara ya siku mbili ina hila yake. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 ili kulizoea joto geni, na malaria aliyoachiwa mtu na mbu huchukua muda kama huo kabla ya kujitokeza. Mgeni wa wikendi basi huondoka Pwani kabla hajalizoea la kwanza, na hufika nyumbani kabla la pili halijamdhihirikia. Makala haya yaeleza mambo ya kufanya Watamu, na jinsi ya kuyafanya ili furaha ya Jumamosi isigeuke kilio majuma mawili baadaye.

Njia ndefu kuliko likizo

Jambo la kwanza ni kuihesabu njia. Kutoka Meru hadi Nairobi kupitia Embu ni zaidi ya kilomita 220. Nairobi hadi Mombasa ni karibu 485. Na kutoka Mombasa hadi Watamu huongezeka nyingine zaidi ya 100. Jumla yapata kilomita 800 kwenda pekee. Anayeondoka Meru Ijumaa jioni kwa gari lake mwenyewe, akiwa ameshinda kazini, huendesha usiku kucha katika barabara yenye malori mengi. Usingizi wa dereva ni hatari sawa na pombe.

Afadhali kugawa safari. Gari moshi la reli mpya, lililoanza kubeba abiria mwaka 2017, huenda kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa muda wa saa tano hivi, na abiria huweza kusimama na kutembea. Wenye uwezo hupanda ndege kutoka Nairobi hadi Malindi. Anayelazimika kwenda kwa barabara alale njiani, au awe na dereva wa pili.

Kukaa kitini kwa zaidi ya saa nne mfululizo huifanya damu itulie miguuni, na kwa watu wachache huganda. Walio hatarini zaidi ni wajawazito, waliojifungua karibuni, wanene kupita kiasi na waliofanyiwa upasuaji majuzi. Dawa yake ni rahisi: nyosha na kunja vifundo vya miguu kila mara, teremka gari linaposimama, na usijinyime maji kwa kuogopa kutafuta choo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au pumzi ikikatika ghafla, nenda hospitali bila kukawia.

Joto lisilozoeleka

Mji wa Embu uko kiasi cha mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Meru hupita mita 1,500. Aliyezaliwa Runyenjes, Manyatta, Nkubu au Githongo amezoea hewa inayopoa jua linapotua. Watamu, usiku wenyewe una joto, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30. Julai na Agosti hupungua, na hiyo ndiyo miezi inayomfaa zaidi mtu wa bara asiyestahimili joto.

Unyevu ndio huleta taabu. Jasho hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho hutiririka tu bila kukauka, na mwili hubaki na joto lake. Mtu huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Mlaze kivulini, mvue nguo nzito, mpepee huku ukimpangusa kwa kitambaa cha maji, na umpe maji kidogo kidogo. Akianza kuweweseka, kupepesuka kama mlevi au kuzimia, basi joto limemzidi na uhai wake umo hatarini. Endelea kumpoza kwa maji mengi huku mkimkimbiza hospitali, wala usimnyweshe kitu akiwa hajitambui.

Kunywa maji kabla ya kiu kukuuma, na uangalie mkojo: ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, hujanywa ya kutosha. Madafu ni mazuri, lakini yana chumvi kidogo, hivyo hayatoshi peke yake kwa anayeharisha au aliyetoka jasho jingi. Wagonjwa wa figo nao wasiyanywe ovyo kwa kuwa yana madini mengi ya potasiamu. Bia huongeza mkojo, na haihesabiwi kuwa maji.

Wengi hudhani kwamba ngozi nyeusi haiungui jua. La hasha. Huungua, ila wekundu wake hauonekani upesi. Jua la saa sita mchana hupiga kutoka juu na tena huakisiwa na mchanga mweupe na maji. Kofia pana, shati jepesi la mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua si mambo ya Wazungu pekee, hasa kwa watoto wachanga. Watu wenye ulemavu wa ngozi wasiyakose hata kidogo.

Wazee wanaotumia dawa za kupunguza maji mwilini kwa sababu ya shinikizo la damu wamwone daktari kabla ya safari, kwa maana joto likiongezwa juu ya dawa hizo huweza kuwaangusha. Wagonjwa wa kisukari wasiiache insulini ndani ya gari lililoegeshwa juani. Pasipo na jokofu, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki na uiweke katika chungu au kijaluba kilichozungushiwa kitambaa chenye maji, mahali penye kivuli.

Bahari ina saa yake

Hazina kubwa ya Watamu ni bahari yake. Mbuga za baharini za Watamu na Malindi zilianzishwa mwaka 1968, na ndizo za kwanza nchini Kenya. Hapo mgeni hupanda mashua yenye sakafu ya kioo, au huvaa miwani ya maji na kuogelea juu ya matumbawe akiwatazama samaki wa kila rangi. Lakini mtu wa bara asiyejua kupwa na kujaa kwa maji ni kama msafiri asiyejua saa ya basi.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya nyakati hizo huwa maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Siku za bamvua, maji katika pwani yetu kwa kawaida hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hapo watu hutembea mbali juu ya mwamba, wakiangalia visima vidogo vilivyobaki na viumbe vyake. Ni matembezi mazuri kwa watoto, ila maji hurudi upesi na kwa njia ya mabonde, nyuma ya mtu, kabla hajatambua. Muulize mwenyeji saa ya kurudi, na uanze kurejea ufuoni mara tu maji yanapogeuka.

Mahali penye mlango katika mwamba, maji yanayotoka kwenda bahari kuu hufanya mkondo wenye nguvu. Hata muogeleaji hodari hawezi kushindana nao. Ukijikuta unavutwa, usipigane nao uso kwa uso. Elea, inua mkono kuomba msaada, na uogelee sambamba na ufuo mpaka utoke katika mkondo, ndipo uelekee nchi kavu.

Mtoto azamaye hapigi kelele kama katika sinema. Huzama kimya, kwa dakika chache, mara nyingi watu wazima wakiwa karibu wanaongea. Kila kundi liteue mtu mmoja wa kuwaangalia watoto, asiyekunywa pombe wala kushika simu, na kila baada ya nusu saa apokewe na mwingine. Katika mashua kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha. Akisema nahodha kwamba hana, tafuteni mashua nyingine.

Miiba na sumu

Usiingie baharini miguu mitupu. Viatu vya mpira vya bei nafuu huokoa wikendi nzima. Kuna mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi iliyotapakaa juu ya mwamba. Miiba hiyo huvunjikia ndani ya nyayo. Kuna samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Na kuna taa, anayejifukia mchangani na kupiga kwa mkia akikanyagwa. Huyo huepukwa kwa kuburuza miguu wakati wa kutembea majini, ili ashtuke na kuondoka.

Sumu ya samaki hawa hupunguzwa nguvu na joto. Aliyechomwa atie mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kiasi cha nyuzi 45, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtu mzima ayajaribu maji kwanza kwa mkono wake, kwa kuwa mguu uliokufa ganzi haujui kama unaungua. Kisha mgonjwa aende zahanati, kidonda kisafishwe na achunguzwe kama anahitaji sindano ya pepopunda.

Magamba mazuri nayo yaachwe mahali pake. Ndani ya mbuga ni marufuku kuyaokota, na konokono mmoja wa baharini mwenye gamba lenye umbo la pia ana mshale wa sumu unaoweza kumwua mtu. Mwambie mtoto mapema: tazama kwa macho, mkono uache nyuma.

Kwenye mchanga mkavu, mahali penye mbwa na paka wengi, mabuu ya minyoo hupenya ngozi na kuacha mstari unaowasha na kusogea kidogo kila siku. Ukiuona mstari huo, usijikune mpaka utoke damu. Daktari ana dawa. Kulalia mkeka au leso, na kuvaa ndara, huzuia taabu hiyo na ile ya funza.

Mchana wa kivulini

Kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri ufuo si mahali pa mgeni. Huo ndio wakati wa kulala, au wa kutembelea Gede, mwendo mfupi kutoka Watamu. Hapo kuna magofu ya mji wa Waswahili wa kale, wenye msikiti mkuu, jumba la kifalme na visima, yote yamefunikwa na miti mikubwa. Watu waliuhama mji huo kufikia karne ya 17. Mtaalamu James Kirkman aliuchimbua kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya turathi za dunia. Kivuli chake ni cha kweli, na kutembea humo polepole ni mazoezi yanayomfaa hata mzee.

Asubuhi na mapema, kabla jua halijakaza, nendeni msitu wa Arabuko-Sokoke. Una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Chukueni kiongozi, vaeni viatu vilivyofunika vidole na suruali ndefu. Mtu akiumwa na nyoka, asikatwe, asinyonywe wala asifungwe kamba kwa nguvu. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, apelekwe hospitali.

Alasiri ni ya hori ya Mida, ambako daraja la mbao hupita katikati ya mikoko. Ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hukusanyika huko maji yakipwa. Mandhari ya machweo ni ya kupendeza mno, lakini mbu nao huamka saa iyo hiyo. Tutarudi kwao.

Mezani

Mahamri kwa mbaazi, viazi vya karai, wali wa nazi, samaki wa kupaka: haya hayafai kukosekana. La kutazama ni joto la chakula. Kile kinachotoka jikoni kikifuka moshi ni salama kuliko kilichokaa kabatini tangu asubuhi. Jodari na samaki wa jamii yake, wakiachwa juani saa chache, hufanya sumu isiyokufa hata kwa kupikwa. Mlaji huiva uso, huwashwa na moyo humwenda mbio. Nunua samaki aliyehifadhiwa katika barafu, au anayetoka majini ukimwona.

Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Barafu iliyotengenezwa kwa maji ya bomba ni maji ya bomba. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari tangu choo cha kwanza: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote bapa. Asiyeweza kunywa, aliyelegea au mwenye macho yaliyoingia ndani apelekwe hospitali.

Zawadi za nyumbani

Wasafiri wengi kutoka Meru hubeba miraa, na wa Embu hubeba muguka unaolimwa hasa Mbeere. Mnamo Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza kupiga muguka marufuku, na amri hizo zikasimamishwa na Mahakama Kuu mjini Embu. Mabishano ya biashara tuwaachie wenyewe. Upande wa afya ni huu: majani hayo yana kathinoni, kemikali inayouharakisha moyo, kupandisha shinikizo la damu na joto la mwili, na kuondoa njaa na usingizi. Nyumbani penye baridi mtafunaji huenda asitambue. Ufuoni, chini ya jua, moyo uliokwisha kuelemewa na joto huongezewa mzigo. Na dereva anayetafuna ili akeshe njiani hajapumzika. Uchovu umefichwa tu, nao hujitokeza ghafla akiwa kwenye usukani. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu auache mzigo huo nyumbani.

Jua likishatua

Sasa twende kwa mbu. Nyanda za juu za Meru na Embu zina malaria kidogo sana, kwa sababu baridi huvizuia viini vya ugonjwa kukomaa ndani ya mbu. Hali si hiyo kule chini Mbeere na Tharaka. Pwani, malaria iko mwaka mzima. Mwenyeji mtu mzima aliyeugua mara nyingi tangu utotoni hujenga kinga fulani, na huweza kuugua kidogo tu. Mtu wa Imenti au Runyenjes hana kinga hiyo, awe na misuli ya namna gani. Hata mzaliwa wa Pwani aliyehamia Embu miaka mingi iliyopita hupungukiwa na kinga yake. Kwa hiyo mgeni asijipime kwa mwenyeji alalaye nje bila chandarua.

Mbu wa malaria huuma tangu magharibi hadi alfajiri. Vaa mikono mirefu na suruali kuanzia saa kumi na mbili jioni, jipake mafuta ya kufukuza mbu, na ulale ndani ya chandarua chenye dawa. Chandarua hakitegemei bahati. Kati ya 1993 na 1995, watafiti walioko Kilifi walivijaribu vyandarua vyenye dawa katika vijiji vya wilaya hiyo, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa kiasi cha theluthi moja. Unapokodi chumba, tazama chandarua kabla ya kulipa: kina matundu? Kinafika chini ya godoro? Bora zaidi, beba cha kwenu.

Kuna pia vidonge vya kuzuia malaria. Aina moja huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelezwa siku 7 baada ya kurudi. Nyingine huendelezwa wiki 4. Wapo wasioruhusiwa baadhi yake, wakiwemo wajawazito na watoto wadogo, kwa hiyo daktari ndiye wa kuchagua. Mama mjamzito asiye na kinga hudhuriwa na malaria kuliko mtu mwingine. Azungumze na daktari kabla hajakata tikiti, na akiweza, aahirishe.

Mchana nao una mbu wake, aenezaye dengi na chikungunya. Mombasa ilikumbwa na mlipuko wa chikungunya mwaka 2017 na 2018, na dengi imezuka huko mara kadhaa. Ndiyo sababu mafuta ya kufukuza mbu hupakwa mchana pia. Mwenye homa asiyejua chanzo chake asinywe aspirini kabla hajapimwa, kwa kuwa dengi ikiwa ndiyo, dawa hiyo huweza kuzidisha kutoka damu.

Baada ya kurudi, hesabu siku

Viini vya malaria huhitaji angalau siku 7 tangu mbu alipouma hadi homa ianze. Mara nyingi ni siku 10 hadi 14, na pengine zaidi ya mwezi. Homa inayokupata Jumapili ukiwa bado Watamu haikutokana na mbu wa Jumamosi. Ile ya kutilia shaka ni inayokuja baadaye, wakati mchanga umekwisha kukung'utwa viatuni na picha zimekwisha kutazamwa. Mtu yuko kazini Chuka, Meru au Nairobi. Anaumwa na kichwa, viungo vyalegea, anatetemeka. Anasema ni baridi ya mlimani, au mafua ya watoto. Mwingine hutibiwa homa ya matumbo. Siku mbili tatu hupotea hivyo, na kwa asiye na kinga, siku hizo zaweza kuwa ndizo zinazotenganisha kupona na kufa.

Kwa hiyo fanya mambo matatu. Kwanza, andika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya ukutani, na kwa miezi mitatu inayofuata usiidharau homa yoyote ya mtu yeyote aliyekuwa katika msafara, hata kama alimeza vidonge vya kuzuia. Pili, homa ikitokea nenda siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya, na neno la kwanza kumwambia mhudumu, kabla hajauliza, liwe: "Nilikuwa Pwani." Mhudumu wa mlimani huona wagonjwa wachache wa malaria, na asipoambiwa huenda asiifikirie. Tatu, omba damu ipimwe kwa darubini au kwa kipimo cha haraka. Kipimo cha kwanza kikikosa kuonyesha kitu na homa ikaendelea, rudi ukapimwe tena kesho yake.

Malaria ikionekana mapema hutibika. Dawa ya kawaida nchini ni mchanganyiko wa atemetha na lumefantrini, unaomezwa mara 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Imalize hata ukijisikia umepona siku ya pili. Dawa za zamani zilizosahaulika kabatini, kama klorokwini, viini vilikwisha kuzizoea. Na mgonjwa anayeweweseka, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida, mwenye macho ya manjano au aliyepatwa na degedege, hafai kupewa vidonge nyumbani; anahitaji sindano hospitalini mara moja.

Watamu haitishi. Mamia ya watu huenda na kurudi salama kila mwisho wa juma, nao hurudi wakiwa wepesi wa mwili na wakunjufu wa moyo. Nenda basi na kofia, chandarua na viatu vya mpira. Uliza saa ya maji kabla ya kuingia, na jua likikaza tafuta kivuli. Ukisharudi, kumbuka kwamba kwa mwili wako wikendi hiyo haijaisha mpaka miezi mitatu ipite.